Lipu ya Ukuta wa Mbele

Nakumbuka masika yale, mjukuu wangu, nikiwa mke mgeni hapa Karatu. Mama mkwe aligonga ukuta wa nyumba yetu kwa kidole, akatega sikio, kisha akaniambia nimhamishe mtoto.

Nirudi nyuma kidogo. Babu yako alinitoa kwenye nyumba yenye lipu kule Mbulu, na ilimuuma kunilaza kwenye nyumba ya udongo. Saruji miaka ile ilikuwa adimu, ukiipata unasimulia. Yeye akaipata, sikumuuliza wapi, akapiga lipu ukuta wa mbele peke yake, ule unaotazama barabara ya Ngorongoro, watalii wakipita wauone. Pembeni na nyuma tukabaki na udongo wetu uliosiribwa samadi. Mama yake alimwambia udongo bado mbichi, angoje ukauke, tena apigilie wavu wa kuku ili saruji ipate pa kushika. Hakungoja. Ubatizo wa Bura, mtoto wetu wa kwanza, ulikuwa umekaribia.

Ukuta ulipendeza, sitasema uongo. Nilipita mbele yake polepole hata nikiwa na kuni kichwani.

Mvua zikaja. Maji yakaingilia juu, chini ya bati, yakakosa pa kutokea. Ukuta ukavimba kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa na majani mabichi, na kitanda cha Bura kilikuwa upande uleule. Babu yako akasema utakauka tu, asiuguse mtu. Akaenda zake mnadani.

Nilipokwisha kumhamisha mtoto, mama mkwe akanitazama.

"Mama Bura," akasema, "ukuta huu utaangukia ndani. Mimi nikiuvunja nitakuwa nimemwaibisha mwanangu. Wewe ukiuvunja, umemlinda mwanao. Chukua jembe."

Nikachukua. Pigo la kwanza tu, lipu ikadondoka bapa zima. Nyuma yake udongo ulikuwa uji, na fito zimeliwa na mchwa. Nililia, maana ile ilikuwa zawadi yangu.

Jioni akarudi. Mimi nimesimama na jembe, namngoja anifokee. Akaingiza mkono kwenye tope lile, akatazama mahali kilipokuwa kitanda. Akavua shati, akaenda zizini, akarudi na samadi, akaanza kuikanda na majivu. Mwanamume wa Kiiraqw anasiriba nyumba, kazi yetu wanawake! Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akamuuliza atajifungua lini.

"Nikimaliza ukuta," akajibu.

Siku ile ndiyo niliyompenda kweli. Siku ya lipu nilikuwa nimeipenda lipu tu.

Sasa wewe unajenga ghorofa pale mjini, na umeniambia mbele utaivalisha vioo na mabati yanayong'aa. Ivalishe, mwanangu, nyumba nayo inataka kupendeza, na mimi nitakuja kujiona kwenye hivyo vioo. Lakini kwanza gonga kilicho nyuma, usikilize. Pigilia pa kushika. Acha nafasi upepo upite katikati, na maji yakiingia yakute njia ya kutoka. Usiharakishe kwa sababu ya wageni, maana wageni hawalali humo. Na siku ukimkuta mkeo ameshika jembe, muulize ameona nini kabla hujakasirika.

Mungu akupe kuta zinazokauka upesi baada ya mvua, na ndani yake mtu asiyeogopa kukuambia ukweli.