Papa wa Dawa, Ulikula?

Juzi, saa nane ya mchana, nilipanga mstari kwenye duka la dawa karibu na soko. Mbele yangu mama mmoja alibeba mtoto mwenye homa. Muuza dawa, peke yake, alisimama tangu asubuhi. Mama alishikilia karatasi ya daktari mkononi.

"Papa, ulikula?"

"Bado, Mama. Leta karatasi."

"Hapana. Kula kwanza." Akamwekea muhogo wa kuchoma na karanga.

Bwana mmoja aliyekwisha kupokea dawa yake akacheka: "Citoyenne, hapa iko restaurant?"

"Mutoto wangu njo atakunywa ile dawa, si weye!"

Muuza dawa akaketi juu ya kartoni, akatafuna, macho kwenye karatasi ya yule bwana iliyobaki mezani. Ghafla akaacha kutafuna, akamwita yule bwana:

"Papa, rudisha ile dawa. Haiko yako."

Bwana yule akairudisha kwa mikono miwili.

Kule campus sisi wanafunzi tunabishana juu ya adhabu ya mwenye kukosea kutoa dawa, na mimi ndiye napiga kelele zaidi. Mbona hatujauliza kama alikula?

Bwana alipewa dawa yake ya kweli, lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni, akiwaambia waliofika: "Mungojee kidogo. Papa anakula."