Chungwa Lililopanda Mto

Wako watu wanaoficha ushindi wao kwa adabu. Mimi siwezi. Nimezeeka, meno yameniaga, lakini nikilikumbuka chungwa lile nacheka peke yangu jikoni.

Ilikuwa miaka ya vita vikuu, huku kwetu Kisauni. Darasani nilikuwa msichana pekee kati ya wavulana kumi na wanane, na mwalimu mkuu hakupendezwa. Alisema waziwazi, mbele yetu sote, kwamba kiti changu kingemfaa mvulana. Kazi ya jiografia ya mwaka ule ndiyo ingeamua nani aende darasa la juu na nani arudi kwao. Nikianguka, shule imekwisha. Nami niliitaka shule ile kwa moyo wangu wote, sioni haya kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima maji ya kijito cha nyuma ya Mishomoroni: kila sekunde zinapita futi ngapi za ujazo. Unapima upana kwa kamba na kina kwa fimbo, unazidisha. Kisha unatupa chungwa majini, unatazama saa linapokwenda futi thelathini. Ukigawa futi kwa sekunde, hiyo ndiyo kasi. Unaipunguza sehemu moja katika tano, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, halafu unazidisha tena, basi.

Darasa zima lilikwenda Jumatano alasiri. Mimi sikwenda, maana mama alikataa katakata.

"Upandishe nguo hadi magotini mbele ya wavulana? Labda niwe nimekufa, mwanangu."

Mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa bara, mpole, alinihurumia. Ijumaa akaivua saa yake ya mkononi akaniazima nikapime mwenyewe, akaniapisha nisiiloweshe.

Jumamosi nikafuatana na mama kwenda kuteka maji. Wanawake wa kwetu hawakuteka kijitoni wakati wowote tu. Kijito kile kinamwaga maji yake kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na bahari ikijaa huingia ndani, ikayarudisha maji matamu nyuma, mtungi ukajaa chumvi. Kwa hiyo waliteka maji yakiwa yamekupwa. Siku ile yalikupwa adhuhuri, jua la kupasua kichwa. Mama akatupa chungwa, mimi nikakodolea saa macho. Upana futi kumi, kina nusu futi, chungwa sekunde ishirini. Tukarudia mara tatu mpaka mama akaniuliza kama nimerogwa. Jibu likatoka futi sita, kila mara sita.

Jumatatu nikakuta wavulana wote wana jibu lao moja: arubaini na nane. Walipoisikia sita yangu darasa likaangua kicheko. Mmoja akauliza kama nilipima mto au nilipima beseni.

"Binti," mwalimu akaniita.

"Abee, mwalimu."

"Umekosea mahali. Wenzako wamepima nami nikiwapo. Chukua hesabu yao uiandike upya, nitakupitisha."

Alisema kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nakiri niliichovya wino. Tarakimu mbili tu, na darasa la juu langu! Lakini niliukumbuka mgongo wa mama umeinama juu ya chungwa kwenye jua lile, hasira ikanipanda, nikaiweka kalamu chini.

"Samahani, mwalimu. Jumatano mlifika kijitoni saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na chungwa lilielekea wapi?"

"Kwenye ile minazi mitatu."

Jumatano ilikuwa bamvua, siku za mwezi mpevu bahari inapojaa kupita kiasi. Na minazi mitatu iko upande wa juu.

"Mwalimu, minazini ndiko mto unakotoka. Mlipima bahari ikipanda."

Mwalimu akatikisa kichwa. Kwao bara mito huenda upande mmoja tangu kuumbwa kwake.

"Mto haurudi nyuma," akasema.

"Twende kesho asubuhi, saa moja, maji yakiwa yanajaa. Nikiwa mwongo, nifukuze."

Usiku ule sikulala vizuri, kusema kweli. Asubuhi tukaenda sote. Mwalimu mwenyewe akalitupa chungwa. Likazunguka kidogo, kama linafikiri, kisha likaanza safari kuelekea minazini, taratibu, huku maji yakimeza nyasi za ukingoni. Mwalimu akalifuata hatua kwa hatua. Halafu akapiga magoti, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

Akawageukia wavulana. "Mlijua?"

Mmoja akasema, "Tulijua, mwalimu. Lakini tungekukosoaje?"

Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo: mwalimu hakosolewi. Watoto wote wale wa pwani waliona maji yanapanda, wakaona ni heri funika kombe mwanaharamu apite, wakaandika arubaini na nane kwa hati nzuri kabisa. Siwacheki sana. Ningekuwapo Jumatano, huenda nami ningenyamaza.

Tuliporudi darasani mwalimu alifungua daftari lake akaikata ile arubaini na nane kwa mstari mmoja. Akanipa chaki. Nikaandika hesabu yote ubaoni, kamba, fimbo na chungwa, na mwisho nikaandika sita kubwa iliyojaza nusu ya ubao. Nilikuwa bado naikolezea mkia mwalimu mkuu aliposimama mlangoni. Akautazama ubao, akanitazama mimi na vumbi la chaki hadi kwenye viwiko.

"Hesabu hii ya nani?" akauliza.

"Ya msichana anayekwenda darasa la juu," mwalimu akajibu.