Maneno Niliyomfundisha Cucu

Mwanangu, tangu tumzike dada yangu Wanjiru wiki jana, siku moja ya utoto wangu kule Ruiru haijanitoka moyoni. Ilikuwa enzi za Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni. Nilikuwa darasa la nne, na hapo ndipo masomo yangu yalipoishia.

Nyanya yetu, tuliyemwita Cucu, alikuwa kitandani na kidonda mguuni. Kilinuka, sitakuficha. Mama alishinda akichuma kahawa upande wa Thika, kwa hiyo uji nilimpelekea mimi. Niliuweka kizingitini, nikaongea naye nikiwa nje.

Siku hiyo mwalimu alitufundisha maneno ya Kiingereza ya ukaribu, akiyaonyesha kwa sanduku na meza. Nikaja nikijigamba.

"Nifundishe basi, wee mzungu wangu," Cucu akacheka.

"*Near* ni karibu. Kama mimi na wewe sasa."

"Hapo mlangoni? Hapo hata mbuzi wa jirani husimama. Hakuna lingine?"

"Lipo. *Beside*. Ni kando ya kitu, ubavuni pake."

"Sijaelewa. Nionyeshe."

Nikaingia nimebana pumzi, nikasimama kando ya kitanda.

"Na la karibu zaidi?"

"*Against*," nikanong'ona. "Kitu kimeegemea kingine, kama ngazi na ukuta."

"Nionyeshe."

Mwanangu, niliketi. Nikaegemeza bega langu kwenye bega lake. Lilikuwa jepesi kama ganda la mahindi, na lenye joto. Ndipo akanitemea mate kidogo kifuani, vile wazee wetu walivyobariki.

"Baraka hii nimekaa nayo tangu mvua zianze," akasema. "Sikuwa na wa kumpa."

Nimeingia makanisa mengi tangu hapo, lakini sijakaa mahali patakatifu kuliko kile kitanda cha kamba. Siku ya tatu Cucu akafariki.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Na baraka ya mbali haifiki kifuani. Wanjiru alipougua, wewe na ndugu zako mlimletea matunda, mkayaacha sebuleni. Siwalaumu, hata mimi nilianzia mlangoni. Ila ukienda kwa mgonjwa, ingia, keti, mguse. Usingoje akuombe, kwani wengi hawana ujanja wa Cucu.

Sasa sogea, nikuwekee mkono kichwani. Mungu akuzeeshe, mwanangu, na siku utakapochoka, usikose bega la kuegemea.