Bingwa wa Mipira Laini

Sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau sapavaiza wetu, na nilimdharau huku nikimwandikia sifa zake.

Tulikuwa walinzi wa jengo moja la West Bay, huku ughaibuni, Wakenya na Waganda, na Ijumaa jioni tulicheza besiboli kwenye kiwanja cha changarawe kule Al Wukair, jirani na kambi yetu. Waganda ndio waliotufundisha. Baadhi yao waliuanza mchezo huo shuleni. Sifa kuu ilikuwa kuvusha, yaani kuupiga mpira mpaka upite juu ya uzio wa mabati. Mimi nilipewa daftari kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na mbio sina.

Sapavaiza, Mkenya mwenzangu, tumbo mbele na miwani ya jua hata magharibi, hakukosa kunijia mchezo ukiisha.

"Hebu cheki kitabu. Mimi na hawa wengine, ni wapi na wapi?"

"Umewaacha mbali, boss."

"Soma kwa sauti, wasikie."

Nami nasoma. Mipira aliyovusha yeye peke yake ilizidi ya sisi wote tukijumlishwa. Hapo hujipiga kifua na kusema nguvu ni za ukoo, ati babake alikuwa akiinua gunia la mahindi kwa meno. Mtu mzima huyo, jamani.

Daftari halikusema kwamba yeye ndiye aliyepanga zamu. Kalamu yake ilimweka mtu ndani kwenye AC au nje kwenye lango la magari, juani. Nani angemrushia mpira mkali? Walimtupia kama mama anavyomtupia mtoto chungwa. Mcheza kwao hutunzwa. Nami, siku nilizorusha, nilimtupia laini kuliko wote.

Mpigaji wa kweli alikuwa Mganda mmoja mwembamba, mlinzi wa lango. Yeye alirushiwa kwa nguvu zote na bado alivusha. Sapavaiza alipoona hivyo akaanza kumpangia kazi Ijumaa, na jina lake likabaki na alama chache. Siku moja Mganda huyo aliniuliza, "Banange, kaka, hicho kitabu kinaandika ni nani alirusha?"

"Hapana."

"Sasa kinapima nini?"

Nilicheka, nikalifunga daftari.

Kisha akaja injinia mmoja mgeni aliyekuwa na timu kwenye ligi ya maofisi. Alitaka mpigaji mmoja, na huyo angemtafutia kazi bohari ya kampuni yao, kazi ya ndani. Mganda aliitaka nafasi hiyo kupita kiasi, maana kiangazi kilichopita alizimia langoni. Lakini Ijumaa aliyokuja injinia kiwanjani, yeye alikuwa zamu.

Injinia alifunua kurasa, akalinganisha jina la sapavaiza na la Mganda, akauliza kama hao wawili wanarushiwa mipira ya aina moja. Sapavaiza alisimama kando yangu akipangusa miwani.

"Aina moja," nikasema, wenzangu wote wakisikia.

Sapavaiza alichukuliwa. Kwenye uwanja wa watu wasiomwogopa alipiga hewa Ijumaa mbili mfululizo, akarudishwa, akalaumu jua. Tulimcheka kambini akiwa hayupo hadi mbavu zikauma, mimi nikiongoza. Injinia hakurudi kutafuta mwingine; alishaona mpigaji wetu bora.

Joto lilipoanza, zamu mpya zikabandikwa ukutani. Mimi nilipangiwa mapokezi. Mganda akaachwa langoni.

Siku ya kwanza, saa sita, aliingia kunywa maji, shati limemganda mgongoni. Mtungi wa maji uko karibu na meza yangu. Niliharakisha kumjazia glasi, nikamnyooshea. Aliitazama, akachukua nyingine, akajaza mwenyewe, akanywa amenipa mgongo, kisha akarudi juani.