Simba wa Ngao Nyekundu

Winifrida Niyubahwe aliletwa Kasulu kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka 1972, na tangu hapo hakurudi kuvuka mpaka. Akawa fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na soko, mshonaji wa sare za shule na majoho ya kwaya. Mwaka 2015, wakimbizi wapya walipokuwa wakipokelewa katika kambi ya Nyarugusu, ombi lake la uraia lilikuwa halijajibiwa. Jumatatu, Mzee Leonidasi, mwenyekiti wa mtaa, alitakiwa kumtolea ushahidi mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Wiki hiyohiyo Sista Josepha wa zahanati alimletea kazi. Mji mdogo wa Hispania uliokuwa umechangia kisima cha zahanati ulikuwa unaleta wageni Jumapili, naye alitaka bendera yao ipepee kando ya bendera ya taifa. Picha ilionyesha kitambaa cha kijani, na katikati yake ngao nyekundu yenye simba wa dhahabu, taji juu.

Winifrida aliigeuza picha chini. Simba wa dhahabu juu ya ngao nyekundu ndiye aliyemo katika nembo ya Burundi, na watu wangesema moyo wake bado uko huko. Lakini Sista ndiye aliyempokea bintiye Nadine duniani, angemkataliaje? Akashonea ndani, mlango umefungwa.

Ijumaa aliifua bendera kuondoa alama za chaki, akaianika uani. Mzee Leonidasi akapita.

"Mwakeye, Mama Nadine," akasalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Mzee."

"Naona mmepata bendera." Akamkazia macho simba. "Huyu namjua. Yumo kwenye hela za kina Niyubahwe."

"Ni wa Hispania, Mzee. Kazi ya Sista."

"Hispania nako kuna simba?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Haya. Mimi Jumatatu nitaulizwa nilichokiona."

Alipoondoka tu, Winifrida alichukua wembe, akamfumua simba mzima.

Kesho yake Sista alikuta ngao tupu.

"Simba yuko wapi?"

"Nimemtoa, Sista. Nataka kupata usingizi."

"Sikulazimishi, mama. Tutapandisha ya taifa peke yake."

Sista aliinua kitambaa kwenye mwanga ili akikunje. Hapo Winifrida akaona matundu ya sindano: kichwa, makucha, mkia, vyote vimechoreka katika ule wekundu. Yeyote angejua kwamba palikuwa na simba na kwamba amefichwa. Akaogopa kuliko jana.

"Niachie, Sista," akasema.

Akakokota cherehani hadi kibarazani, akaibandika picha ya Wahispania ukutani, akamtuma Nadine amwite mwenyekiti. Mzee akaja, akapewa kigoda. Watu wa sokoni wakasogea, Winifrida akaanza kumshona simba upya.

"Mama Nadine, simba wako kakonda," dereva wa bodaboda akasema. "Mpe hata samaki wa migebuka."

"Mpe wewe, uliyeshiba," Winifrida akajibu, akikanyaga pedali.

Mzee Leonidasi alitazama picha, kisha matundu kwenye kitambaa, kisha picha tena. Hakuondoka mpaka ukucha wa mwisho uliposhonwa.

"Jumatatu utasema nini, Mzee?"

"Nitasema simba ni wa Wahispania, nimemwona akishonwa mchana kweupe." Akanyanyuka, akijipangusa suruali. "Wakiuliza kwa nini jana ulimfumua, hilo utajibu mwenyewe."

Winifrida akakata uzi, akaanza kutafuta jibu.