Mpishi Asiyeonja

Juzi nikingoja kivuko pale Garsen, niliingia dukani kwa Msomali kununua sukari. Nikamkuta mpishi wa Mzungu mmoja, mtu wa Kipini, amepanga mezani chupa saba tupu za mvinyo, anaziuza zitiliwe samli. Kumbe wiki nzima bwana wake alikuwa akionja mvinyo mpya kila jioni, aone upi unapatana na mapishi ya nyumbani. Kesho yake wageni wanakuja, na wa kuchagua mvinyo ni mpishi.

"Wewe hapana kunywa," mwenye duka akasema. "Tajua namna gani?"

"Naangalia sahani ikirudi. Jumatatu kambare wa nazi, bwana alibakiza nusu. Alhamisi wali uliniungulia. Akaumaliza, akaniita kunisifu."

"Alhamisi kunywa gani?"

Mpishi akainua chupa mbili. "Hii. Na iliyokuwa ya Ijumaa pia, chakula kilipochelewa."

"Basi kesho peleka hiyo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kesho napeleka yoyote. Nitachelewesha chakula tu."

Sisi tusiokunywa, nadhani, tumepewa njaa. Nilifika nyumbani alasiri, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, nikausifu ugali uliopoa mpaka mke wangu akasogea kuninusa.