Ndimu na magadi vilinipokonya blanketi la mama mkwe

Wakuu, salamu kutoka Rodi Kopany. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo makosa ya kuandika mtavumilia. Ya uongo hamtapata hapa.

Ile soda baridi ilipogusa meno yangu, nilipiga nduru mbele ya wakwe. Soda ikatoka mdomoni ikatua kwa suruali ya kijana anayemuoa binti yangu Achieng'.

Mjaluo anayesoma hapa ameshika kichwa. Kwetu mama mkwe hata kula mbele ya mkwe ni aibu, sembuse kumtemea.

Wacha nirudi nyuma.

Mimi ni mikayi, bibi wa kwanza wa Ogola. Awino ni wa pili, ametoka kisiwa cha Rusinga. Ana meno meupe mpaka yanakera. Akicheka sokoni watu wanageuka.

Yangu ni ya kahawia tangu utoto. Huko Migori nilikozaliwa tulikunywa maji ya kisima. Yeye alikunywa ya ziwa. Hata maji yalimpendelea.

Wakwe walipotuma ujumbe kwamba wanakuja, Ogola akasema, tena akiwa anakula chakula changu: "Siku ya picha Awino akae mbele. Wewe, Mama Achieng', ukicheka funga mdomo."

Achieng' nilimzaa mimi wakuu. Si Awino.

Nikameza kiburi nikaenda kwa Awino, kitu mikayi hafanyi. Nikamkuta anapara samaki.

"Nyieka, mke mwenzangu, hayo meno unayafanyia nini?"

Akacheka, yote nje. "Ndimu na magadi tu, mikayi. Sugua asubuhi na jioni. Ikiwasha, ujue inashika."

Nikasugua wiki mbili. Na ukweli nitasema, yalianza kung'aa kidogo. Siku moja nilijiangalia kwa kioo mpaka uji ukaungua. Yalikuwa yanawasha sana, na mimi nafurahi eti inashika.

Siku ikafika. Wageni wakaja na blanketi la mama mkwe, la kufunikwa mabegani mbele ya watu wote. Mimi nilipanga kusalimia tu nitoke. Lakini mpiga picha akasema tushike soda, tusmile.

Nikaona Awino ameshacheka.

Nikacheka kumpita. Nikapiga funda. Yaliyofuata mnayajua.

Nilikimbilia nyuma ya jikoni nimeshika shavu. Niliporudi, blanketi liko mabegani mwa Awino, na shangazi ya kijana anamwita "mama". Ogola ananiangalia tu, kama mtu asiyejua nani alizaa.

Daktari wa meno kule Homa Bay aliniambia: "Mama, ndimu imekula ngozi ya juu ya jino, na hiyo hairudi. Hii kahawia nayo iko ndani, imetokana na maji ya utotoni. Hata usugue na msasa haitoki."

Alichonifunza nawapa bure. Brashi laini, dawa ya meno ya kawaida yenye fluoride, asubuhi na kabla ya kulala. Ukimaliza chai, sukutua na maji. Ukitaka weupe zaidi, daktari akuangalie kwanza ndio ununue kitu. Ndimu iachie samaki.

Mimi sasa chai nakunywa vuguvugu kama mtoto mchanga.

Juzi Achieng' aliingia nyumba ya Awino. Dirishani kuna nini? Brashi na dawa ya meno. Ndimu zilikuwa kwa sinia ya samaki.

Watu wakimuuliza, anasema alikuwa ananitania. Utani gani huo unakula jino?

Nilichojifunza: usiulize siri ya urembo kwa mtu mnayegawana bwana. Na wewe Ogola, usimwambie mwanamke afunge mdomo siku ya mtoto wake.

Waliopitia mambo ya meno, semeni hapa chini, nitasoma yote.

Lakini wa kwanza kujibu ni Awino. Najua unasoma, wewe ndiye ulinifungulia hii forum kwa simu. Sema mbele ya watu: wewe ulisugua meno na ndimu siku gani?

Na ukija kujibu, njoo na blanketi langu.